Mtoto wa Mwali na Ngumi

Hapo zamani, siku zile ambazo mtu angeweza kusema "nimemmenya marehemu babu yako" na usikasirike, palikuwa na kijiji juu kabisa ya milima ya Uporoto, kikiitwa Ndembelo. Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana ndani ya hadithi hii mna kesi, na sitaki mtu adai baadaye kwamba hakusikia ushahidi.

Ndembelo ilikuwa na baridi ya kumfanya kuku alale juu ya mtu. Ndizi zilikataa kuota. Mpunga ulikataa. Mahindi yalikubali, kisha yakabadili mawazo yakiwa magotini. Kilichokubali ni kiazi mviringo peke yake. Basi watu wa Ndembelo walikula kiazi asubuhi, wakala kiazi mchana, na jioni, ili kubadilisha, wakala kiazi kilichopondwa.

Kwa hiyo walivijua viazi vyao kama mtu anavyowajua shemeji zake. Kulikuwa na Kipara: ngozi laini, macho hakuna, unammenya huku unapiga soga, lakini ndani maji matupu. Ukimbandika jikoni na kugeuka kuchukua chumvi, unakuta amekuwa mchuzi. Kulikuwa na Mwansasu, mwekundu, mrefu kama kidole gumba, anayekaa ghalani mwaka mzima bila kunyauka, ila akiiva anapasuka kwa kishindo hadi watoto wanalia. Huyu aliitwa hivyo kwa sababu mtu aliyeitwa Mwansasu ndiye aliyemleta kijijini, amemficha ndani ya kofia. Mwansasu mwenyewe alikuwa amekufa zamani, hata kaburi lake halikujulikana liko wapi, lakini kila asubuhi katika kila nyumba ungesikia:

"Mwansasu ameiva?"

"Bado. Mwongezee kuni."

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya Ndembelo. Kiazi kipya kilipewa jina la mtu aliyekileta, na mtu yule hakusahaulika tena. Mwenye jina alipewa tenga la kwanza la kila mavuno, na alikaa kiti cha mbele kwenye kila sherehe. Na kiazi kisicho na jina hakikupandwa, kwa sababu mbegu iligawiwa kwa kuitwa jina lake kwa sauti mlangoni mwa kila nyumba. Ungeitaje kitu kisicho na jina? Ungesimama mlangoni mwa mtu na kusema "hiki hapa"? Ungefukuzwa.

Sasa, katika kijiji hicho walikaa majirani wawili. Mmoja ni Mzee Mwaisumbe, mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kulalamika hata anaposalimia. Mwingine ni Bibi Atuganile, mwanamke mfupi, mnene, aliyeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisani, na aliyeongea vilevile kama alivyoimba.

Mzee Mwaisumbe alipanda kiazi kiitwacho Mwali. Jamani, Mwali! Mweupe, mviringo kama yai, ngozi nyembamba kiasi kwamba ungeweza kuiona aibu yake. Ukimchemsha, unga unaachia wenyewe, unafungua sufuria unakuta kama mawingu. Harufu yake iliwarudisha waume waliosusa. Lakini alikuwa mlegevu wa afya. Mvua ikizidi kidogo, anaugua. Jua likizidi kidogo, anaugua. Mzee Mwaisumbe alimfunika kwa majani, akampulizia majivu, na watu walisema wamewahi kumsikia akimwuliza amelalaje.

Bibi Atuganile, yeye, alipanda Ngumi. Ngumi alikuwa kiazi cheusi, kigumu, chenye macho ya ndani sana kama mtu aliyeudhika. Kulika haliki. Alikuwa mchungu mpaka nguruwe walimbwaga. Ila Ngumi hakuwahi kuugua. Mvua, jua, baridi, ukungu, Ngumi yupo tu. Bibi Atuganile aliachiwa Ngumi na nyanya yake, naye alimpanda kwa ajili ya maua, maana Ngumi alitoa maua ya zambarau yenye kitovu cha njano, na Bibi Atuganile alipenda kuyachomeka kwenye kilemba chake.

Kati ya shamba la Mwali na shamba la Ngumi palikuwa na tuta moja tu la mpaka. Hapo ndipo kila asubuhi palipochimbika.

"Hodi, Mzee Mwaisumbe! Mgonjwa ameamkaje?"

"Bibi Atuganile, toa kichwa chako shambani kwangu."

"Kichwa changu kiko kwangu."

"Maua yaliyo juu ya kichwa chako yako kwangu."

Na ilikuwa kweli. Bibi Atuganile hakuridhika kumtania mzee peke yake. Aliinama juu ya tuta mpaka kilemba kikawagusa Mwali wenyewe, akawasema uso kwa uso. "Wewe mtoto, na hiyo afya yako, atakuoa nani? Eti? Nani?" Na kila aliposema "nani" alitikisa kichwa, na kila alipotikisa kichwa, unga wa njano ulimwagika kutoka kwenye maua ya Ngumi ukaangukia maua meupe ya Mwali. Alifanya hivyo msimu mzima. Mvua ilinyesha, akaja amejifunika gunia, akatikisa.

Basi, Mwali hakuwahi kuzaa matunda tangu dunia iumbwe. Alitoa maua, maua yakaanguka, habari ikaisha. Mwaka ule maua yalipoanguka, pale yalipokuwa pakaonekana vitu vya mviringo, vya kijani, mfano wa nyanya changa. Mzee Mwaisumbe akatoka mbio akipiga yowe.

"Mwali ana mimba! Njooni! Binti yangu ana mimba!"

Kijiji kizima kikaja kutazama. Watu wakainama, wakaguna, wakatazamana. Kisha wote, pasipo kuambizana, wakageuka wakatazama upande wa pili wa tuta, ambako Ngumi alisimama kimya, mweusi, hana neno.

"Ndiye huyo," akasema Mzee Mwaisumbe, akimnyoshea kidole. "Ndiye. Bibi Atuganile, nataka mahari."

"Mahari gani? Ngumi hajatoka kwake hata hatua moja. Binti yako ndiye aliyejipitisha."

"Mwali hana miguu!"

"Basi na Ngumi hana. Tumeshaelewana."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na kicheko kile kilimchoma Mzee Mwaisumbe kuliko kitu chochote. Walipoondoka, akayachuma matunda yote, moja baada ya jingine, akayatupa njiani nje ya ua wake kama mtu anayemwaga maji machafu. "Nimefuta aibu," akasema. Akaingia ndani, akajifungia.

Pale njiani akapita mbuzi. Mbuzi huyu aliitwa Shemeji, na mwenyewe alikuwa mtu anayeitwa Lugano.

Niwaeleze kidogo juu ya Lugano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu. Lakini usifikiri ni uvivu huu wetu wa kawaida, wa kulala Jumapili. Lugano alikuwa na mlango unaofungukia nje, na kwa vile kuuvuta kulikuwa kazi, alikaa nao wazi, mvua na jua. Banda la mbuzi wake hakulisafisha hata siku moja. Samadi ilijaa, ikatoka mlangoni, ikalundikana nyuma ya banda mpaka ikawa lundo refu kuliko nyumba. Mama mkwe wake aliliona kwa mbali alipokuja kumtembelea, akageuza.

Shemeji akayala yale matunda yote. Na matunda ya kiazi, wandugu, si ya kula. Yana sumu. Shemeji akapigwa na kizunguzungu, akaanza kutembea kimshazari. Akaingia kwenye mkutano wa kijiji, akamzunguka mwenyekiti, akajaribu kuegemea ukuta ambao haukuwepo, akaanguka. Watu wakadhani amekufa. Lugano akaitwa. Akaja taratibu, akamtazama.

"Atakuwa amechoka," akasema. "Hata mimi huwa hivyo."

Wakambeba Shemeji, wakamtupa bandani. Akaugua, akalia, akaharisha sana, akapona. Na alichoharisha kilikwenda kule kunakokwenda vyote vya banda lile, kwenye lundo.

Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, juu ya lundo kukaota vimche vidogo, vyembamba kama uzi. Lugano alidhani ni mnavu. Jirani mmoja akamwambia, "Ng'oa hayo magugu, bwana, yatakuletea wadudu." Lugano akayatazama. Kung'oa kungetaka kuinama. "Kesho," akasema. Kesho yake akasema kesho. Vimche vikakua vikawa mashina, na hayo mashina yalikuwa ya viazi, lakini ajabu, hapakuwa na wawili wanaofanana. Mmoja majani mapana, mwingine majani kama manyoya ya kuku. Mmoja mrefu, mwingine kibeti. Wote watoto wa mama mmoja na baba mmoja, na kila mmoja amechukua alichotaka kwa wazazi, kama watoto wenu hapo nyumbani, mmoja ana pua ya shangazi na mwingine ana deni la sura kwa mtu msiyemtaja.

Mwaka ule ndipo ulipoingia ugonjwa.

Ukungu ulishuka ukakaa. Hakuna jua, hakuna upepo, ni manyunyu tu. Watu wakaamka wakakuta majani ya viazi yana mabaka meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Mwali alikufa wa kwanza. Mzee Mwaisumbe alikaa katikati ya shamba lake amemshika shina mkononi, na siku hiyo hata Bibi Atuganile hakusema kitu, alimletea tu uji akauweka juu ya tuta. Kipara akafuata. Mwansasu akafuata. Ukichimba unakuta uozo, na harufu ikatanda kijiji kizima. Ngumi peke yake ndiye aliyebaki amesimama, lakini nani angemla Ngumi? Watu walijaribu. Walimchemsha mara ya kwanza wakamwaga maji, mara ya pili wakamwaga maji, na bado aliwakunja nyuso hadi mtu na mkewe hawakutambuana.

Njaa ikaingia. Watu wakaanza kushuka bondeni kwa wakwe zao, wakale ndizi za watu na masimango yao. Familia nyingine zikafunga mizigo kabisa, zikasema hazirudi. Mwenyekiti wa kijiji, mwanamke aliyeitwa Tusekile, alisimama njiani anawabembeleza: "Subirini jamani. Ndembelo ikihama, itaitwa nini?" Wakampita.

Lugano hakushuka. Si kwa ushujaa. Bondeni ni mbali. Siku moja ameketi juu ya lundo lake la samadi ana njaa, akaona kwamba vile viazi vyake visivyopandwa na mtu vimekauka vyote, isipokuwa shina moja. Shina hilo lilikuwa la kijani, nene, halina baka hata moja. Lugano akaokota kijiti, akachokora pale pale alipoketi. Kikatoka kiazi. Akachokora tena, kikatoka kingine. Akaendelea kuchokora bila kunyanyuka, mpaka tenga likajaa.

Vilikuwa viazi vya zambarau iliyopauka, macho machache yasiyo na kina, na ndani nyama ya njano kama kiini cha yai. Akakibanika kimoja. Harufu ikatoka kwa mlango ule uliokuwa wazi, ikaingia nyumba ya kwanza, ikaingia ya pili. Muda si muda kijiji chote kilichobaki kilikuwa uani kwa Lugano, kimetoa macho.

Tusekile akalishika tenga kwa mikono yote miwili. "Sikilizeni," akasema. "Kiazi hiki kimeishi katika ugonjwa. Hii ni mbegu. Mtu asile."

"Sawa," wakasema watu.

Kisha Mzee Mwaisumbe akasema, "Lakini Mwenyekiti, huyu anaonekana ni damu ya Ngumi. Itakuwaje tukipanda kijiji kizima halafu ni mchungu?"

Watu wakasema hilo nalo neno. Wakakubaliana waonje kimoja, cha uhakika tu. Bibi Atuganile akasema chakula hakionjwi bila kuombewa, naye akasimama kuomba. Watu wote wakafumba macho. Akawaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akaombea kwaya, akawataja baadhi ya wanakwaya kwa majina na mapungufu yao. Akasema amina.

Wakaonja. Jamani! Unga wa Mwali, mzito, mtamu, unayeyuka, na mwishoni kabisa kauchungu kadogo sana kanakokufanya utake kingine. Watu wakatazamana na machozi machoni.

"Hiki ni cha kubanika," akasema mama mmoja. "Je, cha kuchemsha? Kisije kikawa kama Kipara."

Wakachemsha viwili. Hakikuwa kama Kipara.

"Bila chumvi, ndiyo. Je, na chumvi?"

Wakajaribu na chumvi. Mtu akauliza kama kinapatana na maharage, maana kuna viazi havipatani. Kikapatana sana. Mwingine akauliza habari ya kukiponda. Tusekile mwenyewe, msimamizi wa tenga, akasema ni vizuri kujua mapema. Wakaendelea hivyo kwa roho safi kabisa, kila mmoja akiuliza swali la maana, mpaka Tusekile akaingiza mkono ndani ya tenga na mkono ukagusa fito.

Tenga tupu.

Kisha mtu akapiga kelele, "Mzee Mwaisumbe bado ana kipande shavuni!"

"Tema!" wakasema wote. "Mzee, tema!"

Mzee Mwaisumbe akaziba mdomo kwa mkono. Alipojaribu kusema kwamba kimeshaiva na hakitaota, akakimeza. Wakakumbuka maganda. Wakakimbilia maganda, wakamkuta Shemeji anamalizia la mwisho.

Usiulize kilio cha siku hiyo.

Lakini katika kijiji kile kulikuwa na mwizi. Aliitwa Asegelile, na hakuwa mwizi wa siri. Kila mtu alimjua. Ukipoteza jembe ulikwenda kwake ukamwuliza, naye akakwambia kama ni yeye au la, kwa heshima kabisa. Bibi Atuganile alipokuwa akiwaombea wasafiri na watu wote wamefumba macho, Asegelile hakufumba. Alichota viazi vya juu juu, vile vidogo, akavitia ndani ya koti, akaondoka kwa kunyata kuelekea kwake ng'ambo ya kijito.

Nia yake ilikuwa kula. Hilo tuliseme wazi. Lakini alipofika kwake akasikia makelele kijijini. "Tema! Tema!" Yeye, kwa mbali vile, akasikia "Shika! Shika!" Akachimba shimo haraka, akavifukia viazi vyote, akatupa samadi juu, akatupa nyasi juu ya samadi, kisha akakaa juu ya nyasi akaanza kuimba nyimbo za dini. Hakuna aliyekuja. Hata hivyo hofu haikumtoka, akashuka bondeni kwa shangazi yake, akakaa huko mpaka joto lipoe.

Aliporudi, kesi yake ilikuwa imeota. Mashina yanafika kiunoni, ya kijani, manene. Asegelile akachanganyikiwa. Akikata, ushahidi utabaki mizizini. Akiacha, kila apitaye ataona. Basi akajenga ua wa nyasi kuzunguka pale, na kila aliyeuliza akamwambia, "Nimechimba choo."

Watu wakaamini, mpaka siku moja Tusekile akapita, akasimama, akanyoosha shingo.

"Asegelile."

"Naam, Mwenyekiti."

"Choo chako kinatoa maua."

Asegelile akatafuta uongo, akakosa. Akafungua ua. Tusekile alipoyaona mashina yale alipiga magoti matopeni akalia, na Asegelile, hajui afanye nini, akapiga magoti naye akalia, kwa tahadhari.

Safari hii hakuna aliyeonja. Tusekile aliweka walinzi, akaweka na walinzi wa kuwalinda walinzi. Mbegu ikapandwa ikazaa, ikapandwa tena ikazaa, mpaka ikatosha kila nyumba. Habari ikafika bondeni. Familia zilizohama zikaanza kupanda mlima na mizigo yao, watu waliokosana na wakwe wakarudi wanacheka. Udongo ukalimwa, matuta yakainuliwa. Kikabaki kitu kimoja. Jina.

Wakakusanyika uwanjani. Tusekile akasimama na kiazi kimoja mkononi, akauliza, "Nani aliyekileta kiazi hiki Ndembelo?"

Watu wanne wakasimama kwa pamoja.

Bibi Atuganile akasema wa kwanza, maana sauti yake ilifika kabla ya zingine. "Bila mimi mngekula nini? Wote mliniambia ng'oa Ngumi, anakula nafasi bure. Nilimtunza miaka yote nikachekwa. Ugonjwa ulipokuja, nguvu ya kusimama alitoa nani? Ngumi! Na ni kilemba hiki hapa kilichobeba unga wa maua yake. Nimetikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Kiazi kiitwe Atuganile."

"Ulikuwa unamtukana binti yangu," akasema Mzee Mwaisumbe. "Hukujua unalolifanya. Bila mimi mngekula nini? Ngumi mlimla mkamwona. Utamu huu, unga huu, umetoka wapi? Kwa Mwali. Nani alimbeba Mwali kama yai miaka yote, akampulizia majivu? Ni mimi. Mwali amekufa, hana mwingine duniani ila huyu mtoto. Babu wa mtoto ni nani? Kiazi kiitwe Mwaisumbe."

"Babu aliyemtupa mjukuu njiani!" akadakia Bibi Atuganile.

"Ningemwacha shinani angeozea pale pale na mama yake! Kutupa kwangu ndiko kulikomwokoa."

Lugano alikuwa amekwisha kaa chini. Akaongea akiwa amekaa. "Mnachosha. Bila mimi mngekula nini? Matunda yalitupwa, nani aliyeyapa mahali pa kuota? Mbuzi wangu, aliyekaribia kufa. Lundo langu, mlilolicheka. Mngekuwa ninyi mngeng'oa siku ile ile, kwa sababu mna bidii. Mimi niliacha. Na nilipokipata ningekila peke yangu, lakini sikufunga mlango. Kiitwe Lugano."

"Hukufunga mlango kwa sababu hujawahi kuufunga!" wakapiga kelele watu.

Asegelile akasogea mbele, kofia mkononi. "Wakubwa zangu, mimi ni mwizi, sikatai. Lakini hesabu ya ukweli ni hii. Hao watatu walikileta kiazi, ndiyo. Kisha wao na ninyi nyote mkakaa chini mkakila mpaka ganda. Siku hiyo kiazi kilikuwa kimekufa duniani kote, ila mfukoni mwa koti langu. Hiki mnachokishika hakikutoka kwa Ngumi wala Mwali wala mbuzi. Kimetoka chooni kwangu. Bila mimi mngekula nini?"

"Ulikiiba ukakificha, hukukipanda!" akasema Lugano.

"Na wewe ulikiotesha kwa kulala."

Hapo uwanja ukawaka. Kila mtu na upande wake. Wengine wakasema mwizi asipewe, maana nani atapenda kumwambia mgeni, "karibu, nimekupikia Asegelile," na mgeni akaangalia mfuko wake. Wengine wakasema mvivu asipewe, kiazi kitaiga jina kikatae kuota. Mama mmoja akasema kiitwe Mwaisumbe, basi, mzee afarijike. Mumewe akamwuliza tangu lini anamfariji Mzee Mwaisumbe, na hao nao wakaanza kesi yao pembeni. Mtu akapendekeza kiitwe Shemeji, kwa heshima ya mbuzi. Wakafikiri kidogo. Lakini mke wa nani angethubutu kutangaza mbele ya watu kwamba jana usiku alikuwa na Shemeji, na alikuwa mtamu?

Tusekile akajaribu kuwaunganisha. "Basi tukiite majina yote," akasema, "Atumwailugasege." Wakajaribu kulitamka. Mzee mmoja akang'ata ulimi. Mwanamke mwingine akasema hata akilianza mapema, kiazi kitaungua kabla hajalimaliza.

Wakati huo mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yameshafunga juu ya Ndembelo, meusi, mazito. Mbegu iko kwenye matenga, imechipua, inasubiri. Watu wamesimama milangoni mwao wanasubiri kuitiwa. Na Tusekile yuko pale uwanjani, kiazi mkononi, anawatazama hao wanne: mwanamke aliyekianzisha kwa maneno ya kejeli, mzee aliyekitupa kwa hasira, mvivu aliyekilea kwa usingizi, na mwizi aliyekiokoa kwa woga. Tone la kwanza limemwangukia puani. Amefungua mdomo alitaje jina.

Sasa mimi nanyamaza, na ninyi semeni, tena upesi kabla mvua haijalowesha mbegu za watu. Kila mmoja ana kosa lake, na hakuna hata mmoja ambaye ungemtoa kiazi kikabaki. Je, jina la kiazi lilimstahili nani?